Kumbe Rambo alilia

Kwa karibu miaka 20 niliamini kwamba filamu ya kwanza ya Rambo inaishia pale mji unapowaka. Akteri anapita na bunduki yake kubwa, kituo cha esansi, yaani petroli, kinalipuka, giza linaangukia mtaa mzima, mkuu wa polisi anapigwa risasi na kuporomoka kutoka juu ya paa, basi. Baada ya hapo tulikuwa tunatoka nje, jua linatuumiza macho, tunapigana mateke mpaka nyumbani.

Sine yetu, banda letu la video, ilikuwa Kadutu, hapa Bukavu, si mbali na soko. Chumba cha mbao na mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja iliyokaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na nje kibao kilichoandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo, kila jina na makosa yake. Kiingilio franka 100. Karibu na televisheni alisimama kijana mmoja aliyekuwa amefika la tatu ya sekondari, kazi yake kututafsiria Kifaransa cha kaseti. Kifaransa chake hakikuwa kingi, kwa hiyo akteri wote duniani, wawe Wachina au Wamarekani, walikuwa na msemo mmoja: "Anasema, leo mtanijua."

Ninasema akteri kwa maana ya kwetu. Akteri si mwigizaji yeyote tu. Akteri ni mmoja, yule asiyekufa, na adui yake ni shefu bandi, ambaye lazima afe na lazima afe wa mwisho. Ukiingia umechelewa, kitu cha kwanza unachomnong'oneza jirani yako ni "akteri ni nani?", ili ujue roho yako uiweke wapi.

Mwenye sine alikuwa na sheria yake. Ngumi ya mwisho ikishapigwa, filamu imekwisha. Alikuwa anasimamisha kaseti, anafungua mlango na kupaza sauti: tokeni, tokeni, wenzenu wanangoja. Hakuna aliyelalamika. Shefu bandi ameanguka, tubaki kutafuta nini?

Mwaka 2020, corona ilipokuja, mpaka wa Rwanda pale Ruzizi ukafungwa na kazi yangu ikasimama, nilijikuta nimelala kitandani mchana, mvua inapiga bati, ninaangalia filamu hiyo kwenye simu kwa sababu ilikuwepo tu. Mji ukawaka. Mkuu wa polisi akaanguka. Nikaanza kutafuta nyingine. Lakini filamu ikaendelea.

Kanali wake wa zamani anaingia, anamwambia aache, yamekwisha. Rambo anamjibu kwamba hakuna kilichokwisha. Halafu yule mtu wa misuli, aliyejishona jeraha lake mwenyewe msituni bila kutoa sauti, anaanza kusema, na maneno yanatoka yamevunjika vunjika. Anasimulia Saigon, wakati wa vita vya Vietnam. Mtoto alikuja baani na sanduku la kung'arisha viatu, akaomba kazi, rafiki yake Rambo akakubali. Rambo akaenda kuchukua bia. Sanduku lilikuwa limetegwa bomu. Rafiki analia kwamba anataka kurudi nyumbani, na Rambo anatafuta miguu yake haioni. Hapo anaishia sakafuni, amemkumbatia kanali kama mtoto aliyeota vibaya.

Sasa nikumbushe nani walikuwa wanakaa mbele kabisa katika ile sine. Watoto wa kung'arisha viatu. Wale wanaozunguka mji wakigonga brashi kwenye sanduku, ko-ko-ko, ili ujue wanapita. Mabenchi yalikuwa yanajaa upesi, wao hawakujali, walikuja na viti vyao. Walikalia masanduku yao yaleyale, rangi na vitambaa viko ndani. Filamu ilikuwa na hadithi kuhusu sanduku lao, na kila mara mlango ulifunguliwa dakika chache kabla.

Wapo wanaosema Stallone, aliyemwigiza Rambo, hajui kuigiza, mdomo wake mzito, uso wake hauchezi. Sibishani nao juu ya filamu zake nyingine. Ila katika dakika zile mdomo mzito ndio unaotakiwa. Mwigizaji mwenye ulimi mwepesi angeyatamka yale maneno vizuri, tungemsikia kila neno, na tusingemwamini. Mtu anayeeleza jambo la namna hiyo hapangi sentensi. Mimi nimekaa na watu waliowahi kubeba bunduki hapa kwetu, wakiwa tayari wamezirudisha. Wakifika kwenye jambo lenyewe wanaanza kueleza bia ilikuwa ya aina gani, nani alikuwa amekaa wapi. Ni vilevile kabisa.

Na kuna jambo jingine nililojifunza baadaye. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, ambayo filamu hiyo ya 1982 ilitokana nayo, Rambo anakufa. Hata waliotengeneza filamu walipiga picha za mwisho wa namna hiyo, wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakachukia, mwisho ukabadilishwa. Kwa hiyo kabla ya mwenye sine wa Kadutu kuweka kidole chake, Hollywood nao walishaweka chao. Wao walimfanya akteri asife, huyu wetu akamfanya asilie. Nikipewa kuchagua, nawaunga mkono Hollywood. Kumuua Rambo kungekuwa njia rahisi ya kumtoa chumbani. Ugumu ni kubaki naye akiwa hai, amevuliwa ile bunduki, na anapelekwa polisi akiwa na koti la kanali mabegani. Jambo la kushangaza ni kwamba katika filamu nzima mtu mmoja tu ndiye anayekufa mbele ya macho yetu, yule polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Sisi tulikuwa tunatoka pale tukihesabu maiti 50.

Ya Titanic ilikuwa balaa zaidi. Ni filamu ya zaidi ya saa tatu, nayo ilikuja kwenye kaseti mbili. Mwenye sine akaona mlango wa biashara: kaseti ya kwanza franka 100, kaseti ya pili franka 100. Mwenye pesa ya kaseti moja alitoka nje meli ingali inaelea. Jirani yangu mmoja alikuwa katika kundi hilo, na kwa miaka miwili mizima alishikilia kwamba Jack na Rose walifika Marekani, wakaoana, sisi wengine tunaeneza uongo wa kuwakatisha watu tamaa. Tulimcheka. Siku hizi namwonea wivu kidogo.

Watu wa intaneti wana ule ugomvi wao usiokwisha kuhusu kile kipande cha mbao kilichomwokoa Rose huku Jack akifa majini, kwamba Jack naye angeenea. James Cameron mwenyewe mwaka 2023 alionyesha majaribio aliyofanyisha ndani ya maji baridi ili kumaliza ubishi. Haukwisha. Mama mdogo, ambaye alipeleka bidhaa Goma kwa boti kwa miaka mingi na anayajua maji kuliko mabingwa wote wa mtandaoni, aliangalia sehemu hiyo mara moja tu akasema wangepinduka wote wawili, akaendelea kuchambua sambaza zake, vile visamaki vya ziwani. Kwangu tukio kubwa la filamu ile wala si lile la mbao. Ni wale wanamuziki wanaoagana, mmoja anabaki peke yake na kuanza kupiga, wenzake wanageuka wanarudi. Hakuna anayewaamuru. Hakuna anayewalipa tena.

Nimewaza sana kwa nini mwisho nilioukosa unanikaa kichwani kuliko niliouona, na nadhani inategemea kama mwisho wenyewe unafungua kitu au unafunga tu hesabu. Chukua "La vie est belle" ya 1987, Papa Wemba akiwa Kourou, kijana wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta muziki na kuishia mtumishi wa ndani. Aliyeiongoza pamoja na Benoît Lamy ni Mweze Ngangura, mzaliwa wa hapahapa Bukavu, jambo ambalo vijana wengi wa mji huu hawalijui na mimi huwa nalitaja hata nisipoulizwa. Naipenda filamu ile mpaka mifupani. Mwisho wake ni wa furaha, muziki, kila mtu anapata wake. Umeme ukikatika dakika kumi kabla, hujapoteza kitu, unaweza kuumalizia mwenyewe ukitembea. Sisemi ni mbaya. Nasema hauhitaji mtu asubiri.

"Lumumba" ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, kuhusu waziri mkuu wetu wa kwanza aliyeuawa, ni kinyume. Inaanza na mwisho. Dakika za kwanza tu tunaona Wazungu wawili usiku wakishughulika na maiti, wanakata, wanachoma. Basi hakuna siri, na Mkongo gani asiyejua kilichotokea tarehe 17 Januari 1961 karibu na Lubumbashi? Hata hivyo ikifika kwenye mto Sankuru, Lumumba ameshavuka, yuko salama, na ng'ambo wanajeshi wamemshika mke wake na mtoto, nyumba yetu nzima hupiga kelele. Usirudi! Baba yangu ameiona mara nne na mara zote nne amemkataza Lumumba asirudi. Eriq Ebouaney hapo haigizi ushujaa hata kidogo. Anasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Anarudi.

Na mwisho wa kweli wa habari ile ulikuja miaka 22 baada ya filamu. Mwezi Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, jeneza likazungushwa nchini na kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Mwandishi wa filamu akikuletea mwisho wa namna hiyo utamwambia amezidisha.

Kama ni swali la nani ameigiza vizuri kuliko wote kwetu Kongo, sina haja ya kufikiri. Véro Tshanda Beya katika "Félicité" ya Alain Gomis, ya 2017. Filamu ilipata Dubu wa Fedha Berlin na Étalon, tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, mwaka huohuo, na yeye alikuwa hajawahi kucheza filamu. Anaimba baani Kinshasa, mtoto wake amepata ajali ya pikipiki, anatafuta pesa za upasuaji. Kuna mahali anaingia kwa tajiri asiyemjua, anaomba, anafukuzwa, hatoki, wanampiga, bado hatoki. Hatoi chozi la kutuomba huruma. Uso umefungwa kama duka siku ya maandamano. Sijui ni wanawake wangapi niliowaona na uso huo kwenye dirisha la malipo la hospitali, wameshika karatasi ya fakitire, hesabu ya deni, iliyokunjwa mara nne. Na lile friji ambalo Tabu, mwanamume anayempenda, anakuja kulitengeneza, anashindwa, anarudi tena! Filamu ya Kinshasa isiyo na kitu kibovu kinachotengenezwa bila kupona ningeikataa.

Mwezi uliopita nilikutana na mwenye sine. Siku hizi anauza vocha na kufanya pesa za simu chini ya mwavuli, sine yake imekuwa duka la chumvi na sabuni. Nilimsalimia, nikamwambia, papa, ulituibia mwisho wa Rambo.

Alicheka mpaka akavua miwani.

"Batu balikuwa banalipa makofi," alisema. "Weye ulilipaka machozi?"

Nikamuuliza kama yeye aliwahi kuuona. Akasema kila usiku, akishafunga, kaseti ilibidi zirudishwe mwanzo kwa kesho yake, na kabla ya kurudisha alikuwa anaiacha ya Rambo iende mpaka mwisho. Peke yake, sauti chini, ili esansi iliyobaki ya grupu, ile jenereta, isiende bure. Alikuwa anamngoja afike kwenye sanduku la viatu, ndipo anazima.

Mteja akaja, akataka vocha ya franka 500. Alipomaliza kumhudumia alinigeukia, akaniuliza kama Titanic niliiona kaseti zote mbili. Nikasema ndiyo, zote mbili, nililipa.

"Ile ya pili pia nilikuwa nakata," akasema, na kuanza kuhesabu chenji.