Mafahali Wasio na Kesho: Lakers ya 2004 Ilivunjwa na Nini?

Katika mechi ya nne ya fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, iliyochezwa Juni 13, 2004 nje kidogo ya jiji la Detroit, Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers alirusha mpira kikapuni mara 21 na kufunga mara 16. Mwenzake Kobe Bryant alirusha mara 25 na kufunga mara 8. O'Neal alimaliza akiwa na pointi 36 na ribaundi 20 (mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa), Lakers wakafungwa na Detroit Pistons 88 kwa 80, na siku mbili baadaye msimu wao ukawa umekwisha. Kwa wengi, hesabu hiyo ya usiku mmoja inatosha kueleza kila kitu: timu iliyokuwa na mtu asiyezuilika chini ya kikapu iliuacha mpira mikononi mwa mtu aliyekuwa akikosa, kwa sababu wawili hao hawakuelewana. Nimewahi kuamini hivyo mimi mwenyewe. Siku hizi naona maelezo hayo yana ukweli, ila yameanzia mwishoni.

Kikosi hicho kilijengwa kiangazi cha 2003. Lakers walikuwa wametwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002, kisha San Antonio Spurs wakawatoa mwaka uliofuata. Wakongwe wawili ambao hawakuwa wamewahi kuvaa pete ya ubingwa, Karl Malone na Gary Payton, wakakubali mshahara mdogo mno ili wajiunge na O'Neal na Bryant. Malone, aliyekuwa ameichezea Utah Jazz misimu 18, aliacha malipo yaliyozidi dola milioni 19 kwa mwaka akachukua milioni 1.5. Wote wanne leo wamo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu, na kocha wao, Phil Jackson, alikuwa tayari na mataji tisa. Mashabiki walizungumzia ubingwa kana kwamba umekwisha kutolewa na kilichobaki ni kwenda kuuchukua.

Wanaosema ugomvi ndio ulioiangusha timu hiyo wana ushahidi tele, tena wa hadharani. Oktoba 2003, kabla hata ligi haijaanza, O'Neal alitaka mkataba wake uongezwe, na katika mechi ya maandalizi huko Honolulu alizuia mpira wa mpinzani kisha akampigia kelele mmiliki wa klabu, Jerry Buss, aliyekuwa ameketi kando ya uwanja, kwamba amlipe. Bryant alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, na O'Neal alipodokeza kwamba ingefaa atoe pasi zaidi mpaka mguu upate nguvu, Bryant alijibu kuwa hahitaji kufundishwa namna ya kucheza nafasi yake. Mwenzake ashughulike na mambo ya chini ya kikapu. O'Neal akasema hii ni timu yake, na asiyependa yuko huru kuondoka mkataba wake utakapomruhusu. Bryant naye akapitia televisheni kusema kwamba anayejiita kiongozi hafiki kambini akiwa mnene na hajajiandaa. Hayo yote yalisemwa na watu waliokuwa wakioga katika chumba kimoja.

Mwezi Aprili mambo yalifika mahali pa ajabu zaidi. Tarehe 11, huko Sacramento, Bryant aliyekuwa akilaumiwa kwa kurusha mno alirusha mara moja tu katika nusu nzima ya kwanza, timu ikaachwa mbali na hatimaye ikafungwa 102 kwa 85. Mchezaji mmoja wa Lakers, kwa sharti la kutotajwa jina, aliliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba hajui watamsamehe vipi, na inasimuliwa kuwa Bryant aliingia mazoezini akiwauliza wenzake ana kwa ana ni nani aliyesema maneno yale. Usiku wa tarehe 14, huko Portland, mtu huyo huyo alisawazisha kwa mtupo wa pointi tatu ikiwa imesalia sekunde moja na ushei, kisha akafunga mwingine wakati king'ora kinalia mwishoni mwa muda wa pili wa nyongeza, Lakers wakashinda 105 kwa 104 na kulibeba taji la kanda yao. Katika siku nne timu iliona madhara ya kumnyamazisha Bryant na faida ya kumwachia, na haikukubaliana juu ya lipi ndilo somo.

Hata hivyo upande wa pili nao una hoja nzito, na mara nyingi hauzungumziwi kwa sababu hauna msisimko. Ugomvi ule ulikuwa mkali kuliko wakati wowote mwezi Oktoba, na kilichofuata ni Lakers kushinda mechi 18 kati ya 21 za kwanza. Bryant wakati huo alikuwa pia akisafiri kwenda Colorado kwenye kesi ya shambulio la kingono, kesi iliyofutwa Septemba 2004, na kuna siku alitoka mahakamani akaja kucheza jioni. Pamoja na yote hayo timu ilikuwa ikishinda. Kilichobadilika Desemba ni goti la kulia la Malone. Aliumia, akakosa mechi 39, na pamoja naye timu ikapoteza mtu wa kumlinda mshambuliaji mkubwa wa upinzani, kutoa pasi kutoka katikati ya uwanja na, kwa umri wake wa miaka 40, kuwa mtu mzima ambaye nyota wote wawili waliweza kumsikiliza. Goti lile liliumia tena wakati wa fainali, na mechi ya tano hakucheza kabisa.

Kisha kuna Detroit Pistons, ambao katika simulizi nyingi wametiwa pembeni kama wageni waalikwa kwenye msiba wa watu wengine. Timu ya Larry Brown haikuwa na jina la kutisha, lakini ilikuwa na mpango: Ben Wallace na Rasheed Wallace wamkabili O'Neal bila msaada mkubwa, Tayshaun Prince mwenye mikono mirefu amfuate Bryant kila aendako, na waliobaki wasipewe hata nafasi ya kupumua. Mpango huo ulikubali O'Neal afunge. Katika mechi ya tatu Lakers nzima ilipata pointi 68. Payton, aliyekuwa mmoja wa walinzi bora wa kizazi chake, aliambulia wastani wa pointi 4 hivi kwa mechi katika fainali hizo, kwa kuwa mfumo wa pembetatu wa Jackson, unaozungusha mpira kwa wachezaji wote, ulimnyang'anya mpira ambao maisha yake yote alikuwa ameuongoza yeye. Aliyefikiri majina manne ni vyanzo vinne vya pointi alikuwa amehesabu majina tu.

Nikiziweka hoja hizo mbili pamoja, sioni namna ya kusema kwamba chuki peke yake ndiyo iliyopoteza fainali. Tuna methali inayosema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kila anayeizungumzia timu hii huitumia, lakini mafahali hawa walikaa zizi moja misimu minane na kuleta mataji matatu, tena wakigombana karibu muda wote. Ugomvi wa 2001 haukuwa mdogo kuliko wa 2004. Kwa hiyo swali la kufaa ni kwa nini wakati ule ulivumilika na wakati huu haukuvumilika.

Jibu langu liko kwenye mikataba. Katika msimu wa 2003/04 watu wote watatu ambao neno lao lilikuwa na uzito ndani ya Lakers hawakuwa na uhakika wa kuwapo mwaka unaofuata. O'Neal alitaka kuongezewa na Buss hakutaka kumlipa alichoomba. Bryant alikuwa na haki ya kujitoa katika mkataba wake kiangazi kilichokuwa kinakuja, na kila mtu alijua angeitumia. Mkataba wa Jackson mwenyewe ulikuwa unafikia mwisho, na Februari klabu ilisitisha mazungumzo ya kuurefusha. Kocha ambaye huenda akaondoka Juni hana njia ya kumlazimisha mchezaji ambaye klabu inamwona kama mustakabali wake wote. Na mchezaji ambaye huenda akahamia kwingine Julai hana sababu ya kumpisha mwenzake leo ili apishwe kesho, kwani kupishana ni aina ya mkopo, na mkopo humpa mtu unayetarajia kumwona tena.

Ukiiangalia upya mechi ya nne kwa jicho hilo, utaona kilichokosekana ni mtu wa kusema, kwenye mapumziko ya robo ya tatu, kwamba kuanzia sasa mpira uende kwa O'Neal, na neno lake likashika. Katika fainali nzima O'Neal alifunga mara 53 katika mitupo 84, naye Bryant mara 43 katika mitupo 113. Sina budi kumtendea haki Bryant hapa: ni yeye aliyeiokoa mechi ya pili kwa mtupo wa pointi tatu zikiwa zimesalia sekunde 2.1, ushindi pekee wa Lakers katika mfululizo huo, na kumpelekea mpira senta, mchezaji wa chini ya kikapu kama O'Neal, huku walinzi wa Detroit wakiwa wameziba njia zote si kazi nyepesi kama inavyoonekana kwetu tuliokuwa tukifuatilia alfajiri tukiwa na chai mkononi. Lakini tofauti ya mitupo 29 kati ya mtu anayefunga asilimia 63 na mwenzake anayefunga asilimia 38 ni kubwa mno kuelezwa na walinzi peke yao. Jackson aliamini siku zote kwamba wachezaji wakiachwa watajipatia wenyewe njia ya kutoka. Njia hiyo ilimfaa akiwa na mamlaka yasiyotiliwa shaka. Mwaka huo ilifanana zaidi na kutokuwepo.

Mfano wa Boston Celtics unanisaidia kupima dai hili. Kiangazi cha 2007 nao waliwakutanisha wakongwe wasio na taji: Kevin Garnett na Ray Allen wakamkuta Paul Pierce. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 ikashinda 66 na kuwa bingwa wa 2008, ikiwafunga Lakers hao hao katika fainali. Kocha Doc Rivers aliwapa neno la kuitikia kila wanapokusanyika, ubuntu, ambalo kwa masikio ya Mswahili halihitaji mkalimani, maana ni ndugu wa damu wa utu. Wengi huishia kwenye neno hilo. Mimi huongeza kwamba wote watatu walikuwa na mikataba iliyofika angalau 2010, kwa hiyo Allen alipokubali kurusha mara chache kuliko alivyozoea alijua atakuwapo deni litakapolipwa. Mkataba wake wa mwisho Boston ulipokwisha mwaka 2012 akaenda Miami, na Garnett akamnunia kwa miaka mingi. Utu ule ule, watu wale wale.

Lakers walifungwa mechi ya tano Juni 15. Siku tatu baadaye ikatangazwa kuwa Jackson haendelei. Julai 14 O'Neal akauzwa Miami Heat, na kesho yake Bryant akatia saini mkataba wa miaka saba. Ndani ya siku 30 maswali yote matatu yaliyokuwa yameinyonga timu mwaka mzima yalikuwa yamejibiwa, baada ya majibu hayo kukosa kazi ya kufanya.

Desemba 25 mwaka huo Heat walikuja Los Angeles. Bryant alifunga pointi 42. O'Neal alifunga 24 na kutolewa kwa kukamilisha makosa sita, timu yake ikaendelea bila yeye hadi muda wa nyongeza. Mtupo wa mwisho ulikuwa wa Bryant, na haukuingia. Heat wakashinda 104 kwa 102. Waliokuwa upande wa O'Neal walitoka uwanjani wakiwa na ushahidi mpya, na waliokuwa upande wa Bryant vilevile.