Lenzi ya 50 na Beseni la Kufulia

Rafiki yangu mwenye kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa (kile kibamba kinachopokea picha), aliniazima lenzi yake ya milimita 50, f/1.8 (f ni namba ya uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), nikapige picha ya ukoo. "Chukua, ndugu yangu. Sebuleni hii inabeba ukoo mzima." Kwake inabeba kweli: sensa yake ina upana wa milimita 36, akisimama mita 4 anapata upana wa karibu mita 2.9. Yangu ni APS-C, aina ya sensa ndogo, milimita 23.5. Pale pale, nikaambulia mita 1.9. Na ukoo ulikuwa umejipanga mita 2.8, pembeni mashangazi watatu wasiokubali kukatwa hata bega.

Lenzi haikugeuka, ni 50 ile ile. Sensa ndogo inachukua katikati tu ya picha, ndiyo maana kwangu inaona kama 75, yaani 50 mara 1.5. Nilitakiwa kuja na lenzi ya 35, inayoona pana zaidi. Badala yake nikarudi nyuma, kwa sababu nilihitaji mita 6 na sebule ina 4 na kidogo. Mlango wa mabawa mawili ulikuwa wazi. Jicho kwenye kidirisha cha kamera, nikavuka kizingiti.

"Bado, mwanangu, rudi kidogo!" akapaza sauti shangazi wa pembeni, na mimi mtiifu nikarudi. Nikakaa kwenye beseni la nguo zilizolowekwa, povu hadi kiunoni, kamera nimeiinua juu kama kombe.

Hapo hapo nikapata akili, tena akili mbovu. Nikakumbuka kuwa f nayo huzidishwa kwa 1.5, kwa hiyo f/1.8 yangu ni f/2.7. Hesabu hiyo ni ya kulinganisha ukungu wa nyuma ya mtu kwenye picha, si ya kupimia mwanga. Mwanga unaotua kwenye kila milimita ya sensa ni wa f/1.8, kamera iwe ndogo iwe kubwa. Mimi nikaona nimepungukiwa stopu moja na ushee (stopu moja ni mwanga mara mbili), nikashusha shata, yaani muda wa kupokea mwanga, kutoka 1/125 ya sekunde hadi 1/60. Kipimo cha mwanga kikaruka hadi +1, yaani mwanga umezidi kwa stopu moja. Nikakipuuza, kitajua nini kuhusu hesabu zangu?

Kumbe penye kuzidisha sikuzidisha, na pasipo na kuzidisha nikajitia mwalimu. Babu alikuwa karibu na dirisha, na shati jeupe. Kwenye picha halikuwa na kola wala kifungo, ni mwanga mtupu, na kichwa kinaelea juu yake.

Babu akaitazama muda mrefu. "Mjukuu wangu, hapa nipo bado, au nimeshaondoka?"