Nembo ya kampuni kwenye bango la kliniki

Kampuni ikienda kwa idara ya afya ya kaunti na kusema, "Tutachapisha mabango yenu yote ya kunawa mikono, mradi nembo yetu ikae kando ya yenu," afisa anayetakiwa kutia sahihi ana sababu nzuri ya kukubali. Nchini Kenya afya iligatuliwa mwaka 2013, na tangu hapo gharama ya kuelimisha watu iko mikononi mwa kaunti, ikigombania bajeti ileile na dawa na mishahara. Mombasa ni mji ambao mitaa mingi hununua maji ya mitungi kutoka kwenye mkokoteni, na kipindupindu kikizuka hakingoji bajeti ipitishwe. Kampuni ina wabunifu wanaojua kuandika sentensi ikasomeka, na lori lake hufika kila duka kuanzia Mshomoroni hadi Likoni. Hata Siku ya Kunawa Mikono Duniani, Oktoba 15, ilipoanza mwaka 2008, watengenezaji wa sabuni kama Unilever na Procter & Gamble walikuwa miongoni mwa waliochangia. Kupuuza hayo ni kuwaonea wagonjwa.

Lakini tulitazame bango lenyewe. Mkono umeshika kipande cha sabuni, jina la sabuni linasomeka wazi, na chini yake pana nembo ya kaunti. Kila kilichoandikwa ni kweli. Kisicho hapo ni maneno mawili, "sabuni yoyote". Mama aliyeketi kwenye benchi akingoja mtoto achanjwe, na ambaye nyumbani ana kipande cha sabuni ya mche ya kufulia, anaweza kuondoka akiamini yake haifai. Hakuna aliyemdanganya, ila nembo anayoiamini imesimama nyuma ya pengo hilo. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wote. Anayeidhinisha hukagua kama maelezo ni sahihi, na ni nadra kuuliza ni lipi limeachwa.

Jina la taasisi ya tiba likishakopeshwa, kulirudisha ni ghali. Mwaka 1997 Chama cha Madaktari cha Marekani kilikubali jina lake litumiwe kwenye vifaa vya afya vya nyumbani vya kampuni ya Sunbeam, bila chama chenyewe kuvipima. Wanachama wakaja juu, chama kikajitoa, kampuni ikashtaki. Mwaka uliofuata kililipa dola milioni 9.9 kumaliza kesi.

Sheria za Kenya zimeziba milango michache ya wazi. Ya tumbaku ni ya mwaka 2007, na ya maziwa mbadala ya watoto wachanga ni ya 2012. Kilicho katikati kimeachiwa busara ya ofisi, na huko sabuni na soda hazistahili kupimwa kwa mizani moja. Muuza sabuni hupata faida watu wakinawa zaidi, kwa hiyo anakwenda njia moja na daktari, angalau kwa sehemu kubwa ya safari. Muuza soda anayetaka kudhamini kipeperushi cha kisukari atakubali kila neno kuhusu mazoezi, kisha ataomba aya ya sukari ifupishwe. Huyo ningemkatalia hata kama ameleta gari la kupimia presha.

Mshirika anayefaa naye asiingie bila masharti. Maneno yaandikwe na wahudumu wa afya, na mfadhili asiwe na haki ya kuyafuta. Bidhaa isionekane kwenye picha. Mkataba uwe na tarehe ya mwisho, na namba za simu za wagonjwa zisikusanywe kwa ajili ya matangazo. Kampuni nyingine zitaondoka zikisikia hayo, na hiyo ni hasara ya kweli: ukuta wa zahanati utabaki na bango lililopauka, na anayepinga ushirika kwa jumla hana jibu la ukuta huo.

Yapo pia maneno yasiyo na mdhamini kabisa. Punguza sukari kwenye chai. Chemsha maji. Mnyonyeshe mtoto maziwa yako peke yake hadi atimize miezi 6. Hakuna anayeuza kitu kwa hayo, na pesa za washirika zikiachwa ziamue kinachochapishwa, hayatachapishwa. Kwa hiyo idhini ya bango la sabuni ningeifunga kwa sharti moja zaidi, linaloihusu kaunti yenyewe: kiasi ilichookoa hapo kitengwe, kwa maandishi, kulipia hayo yasiyo na mdhamini.