Siku za Kungoja katika Safari ya Mashua kwenye Ziwa la Jangwani

Kila ninapoletewa ratiba ya safari ya kundi la mashua ndogo katika ziwa la jangwani, huanza kwa kutafuta siku ambazo hazikuandikiwa kitu. Zikikosekana, yaani siku saba za safari zikiwa zimegawanywa katika vipande saba vya maji, kila kipande na kambi yake ya usiku, naiona hatari hata kabla sijasoma orodha ya vifaa. Maoni yangu, ambayo nimeyatetea mbele ya wenzangu mara nyingi na sijayaacha, ni kwamba safari ya siku saba isipangiwe zaidi ya siku nne za kusafiri, na tatu zilizobaki zihesabiwe tangu mwanzo kuwa siku za kungoja.

Wapo wanaoona kwamba huo ni upotevu wa siku. Mtu ameomba ruhusa kazini, ameikokota mashua yake kwa gari mwendo wa siku nzima au zaidi, naye anatamani kuingia katika kila korongo lililo kwenye ramani. Tamaa hiyo naielewa, kwa sababu maji ya buluu yaliyozungukwa na miamba mikavu ni miongoni mwa mandhari yanayomfanya mtu asahau kula. Hata hivyo, watu hawaingii kwenye upepo mbaya kwa kuwa hawaujui. Huingia kwa kuwa kesho yake lazima wawe mahali fulani, na ratiba ndiyo iliyowasukuma.

Upepo wa jangwani una chanzo kinachoeleweka. Jua huchoma mwamba mtupu usio na miti, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa nyingine hukimbilia kuziba nafasi hiyo. Ikiwa njia yake ni korongo jembamba, hubanwa na kuongeza kasi kama maji yanayopita kwenye mfereji. Wingu la mvua ya radi likipasuka kwa mbali, hewa baridi hushuka kwa kishindo na kutambaa juu ya maji, ikitanguliwa na ukuta wa vumbi, na muda kati ya kuliona vumbi hilo na kupigwa na dharuba unaweza kuwa dakika chache tu. Ndani ya dakika hizo nahodha wa mashua ndogo anatakiwa awe amekwisha tua tanga au amelipunguza, amefunga kila kitu kilicho wazi, na kila aliyemo amevaa jaketi la kujiokolea. Mashua moja iliyozoea huweza. Mashua sita zilizotawanyika, zenye mabaharia wa viwango tofauti, mara nyingi haziwezi zote.

Mfano ninaoupenda ni Ziwa Powell, lililo katika majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani. Lilianza kujaa mwaka 1963 nyuma ya bwawa la Glen Canyon, likafikia ujazo wake kamili kwa mara ya kwanza mwaka 1980, na likijaa huwa na urefu wa takriban kilomita 300. Anayeitazama ramani huona mto mnene wenye mamia ya vidole, na hudhani kwamba kila kidole ni hori, yaani ghuba ndogo, la kujikinga. Akifika hukuta sehemu ndefu ambako kuta za mwamba huzama wima majini, pasipo ufuko, pasipo hata mahali pa kukanyaga, na vilindi vyake havifikiwi na kamba ya nanga ya mashua ndogo. Katika sehemu hizo wimbi likigonga ukuta halifi. Hurudi na kukutana na lile linalokuja, na maji husimama na kuanguka bila mpangilio wowote. Hapo hata kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata upande huu na ule, jambo ambalo baharia mzuri hulifanya bila kufikiri, huwa kazi ya jasho, kwa sababu kila mashua inapogeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, wimbi la pembeni huikatisha mwendo.

Kwa kawaida asubuhi za Ziwa Powell huwa shwari na upepo huamka mchana, kwa hiyo wengi hufuata kanuni ya kung'oa nanga alfajiri na kutia nanga kabla ya adhuhuri. Kanuni hiyo ni nzuri mahali pake, ila isibebwe kutoka ziwa moja kwenda jingine. Ziwa Turkana, ambalo ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani, lina tabia nyingine kabisa: upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha hulegea mchana. Ni upepo wa kutegemewa kiasi kwamba karibu na ziwa hilo, upande wa Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa kisayansi ulioongozwa na Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini katika ziwa hilohilo, na hawakuonekana tena. Nawakumbuka watu hao kila mtu anaponiambia kwamba ziwa haliwezi kuwa na hatari ya bahari.

Sasa nije kwenye kundi lenyewe, maana hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Tumezoea kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini katika safari ya namna hii kila chombo kina nahodha wake, mwenye mali yake, familia yake na kiburi chake. Hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Kinachowezekana ni makubaliano, na makubaliano yafanywe nchi kavu, wiki kadhaa kabla ya safari, yaandikwe, na kila mmoja ayasome.

La kwanza katika makubaliano hayo liwe kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa mashua dhaifu kuliko zote. Halina mjadala. La pili, ambalo nimeona likiokoa safari, ni namna ya kuuliza swali la asubuhi. Katika kundi moja nililosafiri nalo tulikuwa tukikusanyika ufukweni kabla ya kutweka matanga, na yule mwenye uzoefu mwingi zaidi ndiye aliyekuwa akisema kwanza: "Mimi naona twende." Baada ya kauli hiyo, nani angethubutu kusema hapana? Siku ya tatu kijana mmoja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anamiliki mashua, aliondoka nasi akiwa amekunja uso, akapindukia majini kabla ya saa tano asubuhi, na tulipomvuta alikuwa anatetemeka meno yakigongana, kwa kuwa maji ya majira ya machipuko hutokana na theluji ya milimani na baridi yake haijali jua la juu. Jioni ile alituambia kwamba tangu alfajiri alitaka kubaki. Kuanzia siku hiyo tulianza kumuuliza kwanza mwenye uzoefu mdogo, kisha tukapanda hadi kwa mkongwe, na hapana moja ilitosha kutubakiza wote. Utaratibu huo unawezekana tu ikiwa zipo siku za kungoja; kama hazipo, hapana ya kijana inaonekana ni hujuma dhidi ya likizo ya wenzake.

Idadi ya mashua nayo ina kikomo. Hori linaloonekana pana kwenye ramani huenda likawa na mita thelathini tu za mchanga ulio na mteremko unaofaa. Kwangu mimi mashua sita hadi nane zinatosha, nazo zigawanywe mbilimbili, kila mashua ikiwa na mwenzake ambaye haimpotezi machoni. Zikizidi hapo, afadhali yawe makundi mawili yenye viongozi wawili na kambi mbili.

Siku za kungoja zina uzito wake, na hapa nasema uzito wa mizani. Ushauri wa kawaida wa jangwani ni lita nne za maji ya kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku. Watu wawili kwa siku saba wanahitaji lita 56, yaani kilo 56, na zikiongezwa siku mbili za akiba inafika kilo 72, ambazo kwa mashua ya mita tano ni sawa na kumpakia mtu mzima wa tatu. Uzito huo ukae chini na katikati, katika madumu madogo yaliyofungwa, si katika pipa moja kubwa linalohama chombo kinapolala upande. Wapo wanaosema maji yapo tele, yachotwe ziwani na kuchujwa. Katika Ziwa Powell hilo hufanyika, kwa kichujio kizuri au kwa kuchemsha, nami hubeba kichujio. Lakini maji ya maziwa mengine ya jangwani yana magadi au chumvi ambayo kichujio cha mkononi hakiiondoi. Kwa hiyo maji ya siku zote huyabeba, na kichujio nakihesabu kuwa akiba.

Ziwa la jangwani pia hubadilika umbo. Mapema mwaka 2023 maji ya Powell yalikuwa yameshuka takriban mita 55 chini ya kiwango cha kujaa, na njia ya mkato inayoitwa Castle Rock Cut, ambayo ikiwa na maji huwafupishia safari wanaotoka bandari ya Wahweap, maji yakipungua sana huwa nchi kavu na inabidi kuzunguka. Kituo cha Dangling Rope, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mahali pa kupata mafuta kati ya Wahweap na bandari ya Bullfrog, umbali wa takriban kilomita 150, kilifungwa mwaka 2021. Anayepanga safari kwa ramani ya zamani hupanga kutembelea ziwa ambalo halipo tena. Kambi nzuri aliyosimuliwa na rafiki yake huenda leo iko juu ya genge, na mwamba ambao rafiki huyo alipita juu yake bila kujua huenda sasa uko nusu mita chini ya maji, tayari kumpwelesha. Kiwango cha maji kiangaliwe wiki ya kuondoka, na kwa kila kambi iliyopangwa iwepo nyingine ya badala, karibu zaidi.

Kuhusu usiku nina neno refu kidogo. Baharia wa pwani amezoea kutia nanga na kulala. Katika makorongo, ambako kilindi huanza hatua chache kutoka ufukweni, mara nyingi omo huegeshwa mchangani na nanga mbili hupelekwa nchi kavu, moja kushoto na nyingine kulia, kamba zikifanya umbo la V, na kila nanga huchimbiwa shimo na kufukiwa. Shimo lifike magotini. Nakumbuka usiku mmoja nilioamshwa na mlio mdogo wa kukwaruza, kama panya anayetafuna ubao. Upepo ulikuwa umegeuka, mashua ilikuwa ikivutana na kamba yake ya kulia, na kamba hiyo ilipita juu ya ukingo wa jiwe la mchanga. Niliishika gizani nikakuta nyuzi zake za nje zimesimama kama manyoya. Nilipomulika tochi nikaona theluthi moja imeliwa. Kipande cha mpira wa bomba la bustani, urefu wa mkono, kingeizuia hasara ile. Tangu hapo vipande vinne vya bomba vimo katika orodha yangu ya vifaa, navyo hukaguliwa kama nanga zenyewe.

Kambi isiwekwe kwenye mdomo wa korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na kivuli chake kinavutia, kwa sababu mafuriko ya ghafla huletwa na mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona. Vyoo vya kubebeka viwepo, vya kutosha kundi zima kwa siku zote pamoja na zile za kungoja. Katika Ziwa Powell ni sharti kwa wanaolala ufukweni pasipo vyoo, na hata pasipo sharti mchanga wa jangwani hauozeshi kitu haraka. Wakati wa kuondoka ziwani kila mashua imwagwe maji, isafishwe na kukaushwa, kwani kome waharibifu aina ya quagga wameenea katika ziwa hilo na husafiri na maji yaliyobaki ndani ya chombo.

Majira nayo yana sehemu yake. Machipuko yana upepo mkali na maji baridi, kiangazi kina joto la kuchosha pamoja na mvua za radi kuanzia Julai hadi Septemba. Ningeachiwa kuchagua, ningechagua mwisho wa Septemba na Oktoba, wakati maji bado yana uvuguvugu na jua limepunguza ukali.

Linabaki suala la mawasiliano, ambalo watu huliweka mwisho wa ratiba kama nyongeza. Simu za mkononi hazishiki ndani ya makorongo, na redio ya VHF, ile ya kuzungumza kati ya chombo na chombo, inahitaji mawimbi yake yasizuiwe na mwamba, kwa hiyo mashua iliyo nyuma ya kona moja tu inaweza isikusikie. Chombo kimoja kiwe na kifaa cha setilaiti, na kila mmoja ajue kukitumia. Zaidi ya hayo, mtu mmoja aliyebaki nyumbani apewe karatasi yenye majina ya wasafiri, rangi ya kila mashua na matanga yake, kambi zilizopangwa pamoja na zile za badala, na tarehe mbili badala ya moja. Ya kwanza ni siku ambayo kundi linatumaini kurudi. Ya pili, siku mbili mbele, imeandikwa kwa wino mzito, nayo ndiyo siku ya kuwapigia waokoaji. Kabla ya hapo mwenye karatasi asiwe na wasiwasi. Ajue tu kwamba huko upepo unavuma, nasi tumekaa ufukweni, nanga zimefukiwa, maji ya kunywa yapo, tunangoja.