Hannover 1866: Mfalme Alikosea, Lakini Nchi Ilitwaliwa

Habari za Ujerumani kuwa dola moja zinaposimuliwa, ufalme wa Hannover huambulia mistari miwili: mfalme kipofu na mkaidi, Georg wa Tano, alisimama upande wa Austria katika vita vyake na Prussia, dola kubwa ya Kijerumani yenye mji mkuu Berlin, mwaka 1866, akashindwa, akapoteza nchi. Basi, yamekwisha, kajitakia mwenyewe. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Inachanganya makosa ya mfalme na haki ya jirani yake kuifuta nchi nzima, na hayo ni mambo mawili.

Nasaba ya Welf, ukoo wa Georg, haihitaji utambulisho mrefu. Ndiyo iliyowapa Waingereza mfalme mwaka 1714, na mataji ya London na Hannover yakavaliwa na mtu mmoja hadi 1837. Mwaka huo Victoria alirithi Uingereza, ila sheria ya Hannover haikumkubali mwanamke maadamu mwanamume wa ukoo yupo, na kiti kikaenda kwa ami yake, Ernst August.

Hapa ndipo upande wa Prussia unapopata hoja zake nzuri, na lazima zisemwe. Ernst August hakuwahi hata kutulia kitini akaifuta katiba ya 1833. Maprofesa saba wa Chuo Kikuu cha Göttingen walipoandika kupinga, wakiwemo ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, aliwafukuza kazi wote, na watatu kati yao akawatoa nchini. Mwanawe Georg alikuja kufanya karibu yaleyale mwaka 1855, akayarudisha nyuma mageuzi yaliyopatikana 1848. Haishangazi kwamba waliberali wengi wa Hannover walianza kutazama Berlin. Rudolf von Bennigsen, aliyeongoza Jumuiya ya Kitaifa iliyoundwa mwaka 1859 kudai Ujerumani moja chini ya Prussia, alikuwa mtu wa Hannover kabisa, si mgeni aliyetumwa.

Kisha kuna ramani. Prussia ilikuwa vipande viwili: mashariki yenye Berlin, na magharibi yenye makaa ya mawe na viwanda vya bonde la mto Rhine. Katikati ilikaa Hannover na watu wake wasiopungua sana milioni mbili. Waziri mkuu yeyote wa Berlin angeitamani nchi hiyo, na Otto von Bismarck hakuwa waziri mkuu yeyote tu. Tena alimpa Georg nafasi. Tarehe 15 Juni 1866 Prussia ilimtaka arudishe askari makambini, akae kando ya vita na akubali mpango wake wa shirikisho jipya. Akikubali, nchi yake na mamlaka yake vitalindwa. Wakuu wa mji wa Hannover walimwendea usiku kumsihi. Akajibu kwamba kama Mkristo, kama mfalme na kama mtoto wa Welf, hawezi.

Wengi hulisoma jibu hilo kama ujinga wa mtu aliyelewa ukuu wa ukoo wake. Mimi naliona tofauti. Siku moja kabla, Baraza la Shirikisho la Ujerumani, muungano wa dola za Kijerumani, mjini Frankfurt lilikuwa limepiga kura 9 kwa 6 kuandaa majeshi dhidi ya Prussia, na Hannover ilikuwa miongoni mwa hao wengi. Shirikisho lile halikumruhusu mwanachama kujitoa apendavyo wala kumpiga mwenzake. Prussia ndiyo iliyotangaza kwamba mkataba wa Shirikisho umekufa, kisha ikawapa majirani saa chache za kukubali. Georg alishika sheria iliyokuwapo. Alikosea hesabu ya nguvu, hilo halina ubishi: jeshi lake lilikusanyika Göttingen, likachelewa, likasubiri Wabavaria ambao hawakufika. Tarehe 27 Juni huko Langensalza lilishinda kweli, Waprussia wakarudi nyuma. Siku mbili baadaye, likiwa limezingirwa pande zote na zaidi ya watu wake 1,000 wakiwa wamekufa au kujeruhiwa, likasalimu amri.

Kama kosa lilikuwa kusimama na Austria, ufalme wa Saksonia ulifanya kosa lilelile. Jeshi lake lilipigana bega kwa bega na Waaustria hadi Königgrätz, waliposhindwa na Prussia. Lakini Mfalme Johann alirudi kwenye kiti chake, kwa sababu Austria ilimsimamia katika mazungumzo ya amani na kwa sababu nchi yake haikukata njia ya Berlin kwenda Rhine. Hannover, Hessen-Kassel, Nassau na mji huru wa Frankfurt zilimezwa kwa sheria ya Prussia ya tarehe 20 Septemba 1866. Hapo hatuzungumzii adhabu tena.

Na wananchi hawakuulizwa. Hoja hii isitupiliwe mbali kwa kusema zama zile hakuna aliyewauliza watu. Miaka sita tu nyuma, Italia ilipokuwa inaungana, Toscana na Napoli zilipigiwa kura. Kura zenye kasoro, sawa, lakini walau mtwaaji aliona haya kuchukua bila kuuliza. Hata mkataba wa Prague uliofunga vita hivyohivyo uliahidi kura kwa watu wa Schleswig ya kaskazini. Kwa Hannover haikuahidiwa hata hiyo. Ndani ya Prussia kwenyewe Ludwig von Gerlach, mhafidhina mkongwe na rafiki wa Bismarck wa miaka mingi, alivunja urafiki kwa ajili ya jambo hili, akiuliza ni vipi serikali inayodai kuheshimu wafalme halali inawapindua ndugu zao wa Kijerumani.

Jambo linalonikera kuliko yote ni fedha, na ajabu yake ndilo linalotajwa kidogo. Septemba 1867 Prussia ilikubaliana na mfalme aliyekwisha kimbilia Austria kwamba italipa fidia ya thaler (sarafu ya Prussia wakati huo) milioni 16, sawa na Mark milioni 48 za baadaye. Aliyemjadilia mfalme ni Ludwig Windthorst, waziri wake wa zamani wa sheria. Miezi michache haikupita. Februari 1868 Georg alifanya karamu ya miaka 25 ya ndoa yake, akatamka mbele ya wageni tumaini la kurudi nyumbani, na mwezi uliofuata Bismarck akaizuia mali yote. Tuseme alikuwa na sababu, maana kweli mfalme aliwalisha askari wake waliotoroka, wakapata hifadhi Ufaransa. Lakini kuzuia fedha ya mtu ni jambo moja, na kuila ni jingine. Faida yake ikawa mfuko wa siri wa Bismarck, asioutolea hesabu bungeni. Alisema utatumika kuwafukuza watambaazi wanaohujumu dola hadi mashimoni mwao. Ukatumika kununua magazeti yaandike anachotaka. Mwaka 1870 ilipohitajika barua ya Ludwig wa Pili wa Bavaria kumwomba mfalme wa Prussia awe kaisari, Ludwig, mjenga makasri mwenye madeni, alianza kupokea malipo ya siri kutoka mfuko huohuo, na yaliendelea kwa miaka. Kwa hiyo mali ya mfalme mmoja aliyepinduliwa ilimlipa mfalme mwingine akubali kuwa chini. Anayesema, kwa maneno ya Bismarck mwenyewe, kwamba dola ya Ujerumani ya 1871 iliundwa kwa damu na chuma asiisahau akaunti hii.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna uzi mmoja hapa. Carl Peters, yule aliyepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya mikataba, alizaliwa Neuhaus kando ya mto Elbe mwaka 1856, ndani ya ufalme wa Hannover. Alikuwa mtoto wa karibu miaka kumi nchi yake ilipofutwa na Bismarck yuleyule ambaye serikali yake ilimpatia hati ya ulinzi wa nchi hizo Februari 1885.

Je, watu wa Hannover walijali? Wengi walizoea, na baadhi walinufaika. Johannes Miquel, mzaliwa wa huko, alifika kuwa waziri wa fedha wa Prussia. Hata hivyo mwaka 1890, miaka 24 baadaye, chama cha kuitetea Hannover bado kilipata viti 11 katika bunge la Ujerumani mjini Berlin. Mwaka 1924 kura ya awali ya kujitenga na Prussia ilihitaji theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura. Ilipata takriban robo. Haikutosha, na wanaosema hamu ilikuwa imefifia wana haki ya kuionyesha hesabu hiyo. Ila robo ya wapiga kura, baada ya miaka 58, vita kuu moja na wafalme wote kuondoka, si kundi la wazee wanaolilia bendera.

Nasaba yenyewe ilipatana na Berlin mwaka 1913, mjukuu wa Georg alipomwoa binti wa kaisari na kupewa utawala wa Braunschweig, akauacha Novemba 1918. Mji wa Hannover ukawa makao makuu ya jimbo la Niedersachsen lililoundwa Novemba 1946. Prussia ilifutwa na washindi wa vita Februari 1947, nayo bila kuulizwa.