Konyeza kumbe alikuwa anaangaliwa kichwa chini

Kuna habari ya kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye jiwe) cha Mazon Creek kule Illinois, Marekani nimeisoma yote na imenigusa kwa kweli, maana wakusanyaji wa kawaida wanadharauliwa sana. Hicho kidude kinaitwa Essexella, tangu 1979 kikahesabiwa ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, mpaka 2023 watafiti akina Roy Plotnick wakakigeuza juu chini wakaona ni anemoni wa baharini, mnyama laini anayekaa amejishikiza chini baharini, yaani kile kilichodhaniwa mwavuli wa konyeza ndio mguu wake wa kujichimbia kwenye matope! Na wangejuaje bila vile vielelezo maelfu vilivyoko makumbusho, vingi vimeokotwa na watu baki tu wikiendi, sio maprofesa jamani. Ukiwa na kimoja utakisia, ukiwa na maelfu unaona kipi kimelala ubavu kipi kimeoza kabla hakijafukiwa.

Sasa wadogo zangu wa Mwanza mnaouliza kama tunaweza kupata visukuku vya hivyo hapa, mawe yetu haya ya Bismarck pale ziwani ni granaiti, yametokana na uji wa moto chini ya ardhi, visukuku humo hamna. Vya baharini viko Lindi, Tendaguru, watu wanaijua kwa mifupa ya dinosaria tu ila katikati ya tabaka za mifupa kuna tabaka zenye makombe ya baharini, hayo nayo yanataka watu wa kuyasoma. Ukikutana na kitu cha ajabu piga picha pande zote na uandike eneo, kuchimba ni mpaka kibali cha malikale.