Nextcloud na hifadhidata ya nje: nani akague nywila?

Anayeendesha Nextcloud au ownCloud, programu za wingu la kutunza na kusawazisha mafaili, kwenye seva yake mwenyewe mara nyingi huwa tayari ana orodha ya watu mahali pengine: kwenye tovuti ya chama, kwenye seva ya barua pepe, kwenye programu ya wanachama. Kuwafungulia wote akaunti upya kunachosha, na nywila ya pili wataisahau kabla ya wiki kuisha. Ndipo linapokuja wazo la kuliunganisha wingu na jedwali la watumiaji la ile programu ya kwanza. Programu-jalizi za kazi hiyo zipo. Unaandika anwani ya hifadhidata, jina la jedwali, safu ya jina la mtumiaji, safu ya nywila na aina ya heshi, yaani namna nywila zilivyofichwa, na watu wanaanza kuingia.

Wapo wataalamu wanaoikataa njia hii hata kabla ya kuisikiliza. Nadhani wanaionea. LDAP wanayoipendekeza, yaani saraka ya pamoja ya watumiaji, ni seva nyingine ya kutunza, yenye matawi na vichujio vyake, na kwa kikundi cha watu thelathini ni mzigo usio na faida. OpenID Connect, njia ya kuingia sehemu moja kwa akaunti ya sehemu nyingine, nayo inadai mtoa utambulisho, yaani programu inayokagua nywila kwa niaba ya nyingine. Keycloak, kwa mfano, ni programu kubwa ya Java inayohitaji hifadhidata yake yenyewe. Wakati huo jedwali la watu tayari lipo, na linachukuliwa nakala rudufu kila usiku.

Kuna na hoja nyingine isiyosemwa vya kutosha: kumtoa mtu. Ukifuta mstari wake kwenye jedwali, wingu halimjui tena, mradi programu-jalizi haijamweka kwenye kumbukumbu ya muda. Kwa OpenID Connect, kumfungia mtu kwa mtoa utambulisho peke yake hakuzimi tokeni, yaani vibali vya kuingia bila kuandika nywila tena, ambazo simu na kompyuta yake tayari zinazo. Simu inaweza kuendelea kusawazisha mafaili hadi msimamizi aingie kwenye wingu na kuifunga akaunti huko pia.

Sasa tuje kwenye heshi, maana hapo ndipo ninapotofautiana na mashabiki wa njia hii. Programu makini haihifadhi nywila yenyewe. Huipitisha kwenye fomula isiyorudi nyuma, kama bcrypt au Argon2, na kuhifadhi matokeo. Wingu likitaka kukagua nywila kwa kusoma jedwali, lazima liijue fomula hiyo na namna ilivyotumika. Lakini jedwali la watumiaji ni mambo ya ndani ya programu iliyoliunda, na waandishi wake hawajamwahidi mtu wa nje kwamba halitabadilika.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, imetupa mfano mzuri. Kwa miaka mingi heshi zake zilikuwa za fomula ya phpass, zinazoanza na $P$. Toleo la 6.8, la Aprili 2025, lilihamia bcrypt kwa namna yake: nywila hupitishwa kwanza kwenye fomula nyingine, SHA-384, na heshi huanza na $wp. Heshi za zamani hazikubadilishwa kwa mkupuo. Ya kila mtu hubadilishwa siku anapoingia kwenye tovuti. Fikiria wingu lenye programu-jalizi inayoijua phpass tu. Siku ya kusasisha tovuti hakuna kinachoharibika. Baadaye mtu mmoja anakataliwa, kesho yake wawili, na wanaokataliwa ni wale waaminifu wanaotembelea tovuti kila mara, ilhali aliyeitelekeza kwa miezi anaingia kwenye wingu bila shida yoyote. Msimamizi atatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipo.

Usalama nao una pande mbili. Katika LDAP wingu hupeleka nywila, seva hujibu ndiyo au hapana, na heshi hazitoki zilipo. Kwa jedwali, wingu linaweza kusoma heshi za watu wote, hivyo anayelivunja anaondoka nazo zote, hata za wasiowahi kulitumia. Tusitie chumvi, hata hivyo. Wingu lililovunjwa linaweza kunasa nywila mtu anapoiandika hata kama nyuma yake kuna LDAP; OpenID Connect ndiyo inayoliepusha wingu na nywila kabisa. Hatari ya jedwali hupungua ukilipatia wingu akaunti ya kusoma tu, tena kupitia mwonekano (view), yaani dirisha la sehemu tu ya jedwali, wenye safu mbili au tatu na watu wanaostahili peke yao. Utapoteza uwezo wa kubadilisha nywila ukiwa ndani ya wingu. Mimi naona hiyo ni faida.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni safu utakayoichagua kuwa utambulisho. Nextcloud hufungamanisha mafaili na utambulisho huo. Ukitumia anwani ya barua pepe na mtu akaibadilisha, ataingia kwenye akaunti mpya iliyo tupu, huku mafaili yake yamebaki kwenye jina la zamani. Namba isiyobadilika haipendezi machoni, lakini ichague hiyo. Na kama umewasha usimbaji fiche wa mafaili wa upande wa seva wenye ufunguo kwa kila mtumiaji, kumbuka kwamba ufunguo hufungwa kwa nywila: nywila ikibadilishwa nje ya wingu, ufunguo haufunguki.

Kwa hiyo kwangu swali ni jedwali hilo ni la nani. Kama ni lako, umelipanga mwenyewe, mathalani la akaunti za barua pepe ambalo programu za seva ya barua pepe, Postfix na Dovecot, tayari zinalisoma, basi aina ya heshi unaiamua wewe na hakuna sasisho litakaloibadilisha bila wewe kujua. Liunganishe, ila msimamizi mmoja abaki na akaunti ya ndani ya wingu, ili hifadhidata ikilala apatikane wa kuingia. Hata hapo, jaribu kwanza user_external, programu-jalizi inayoweza kuiuliza seva ya IMAP (ya kusomea barua pepe) yenyewe kama nywila ni sahihi. Wingu halitahitaji kuziona heshi. Kama jedwali ni la WordPress au programu nyingine unayoipokea ilivyo, liache. Weka kwenye tovuti hiyo programu-jalizi ya kuifanya mtoa utambulisho wa OpenID Connect, ikague nywila zake yenyewe kwa fomula yoyote itakayoichagua mwaka huu au ujao.